Siagi Niliyoificha Kwenye Mboga Zako

Mkunde,

Saa kumi jioni hii umelala. Msichana wa miaka kumi na tisa, ana safari ya kesho alfajiri, begi halijafungwa, lakini amejitupa kwenye kochi na raba zake miguuni kama mtu aliyetoka kulima heka mbili. Nimekuita mara moja, hukusikia. Nimesimama nikakutazama, nikaona mifupa ya shingo ilivyojitokeza, hasira ikanipanda tena, nikaona heri nije mezani niandike. Nikikuamsha sasa nitafoka, na kufoka kwangu kwa mchana kunatosha. Hata bibi yako, ambaye siku hizi tunamwambia kila kitu mara tatu, leo alinisikia mara ya kwanza.

Habari za kufunga mlango, kutunza vyeti na kutomwazima mtu ndoo yako hutazikuta hapa. Mama yako ameshajaza kurasa mbili za daftari, na ninavyomjua, ya tatu inakuja kabla ya rozari. Mimi nina jambo moja tu, na limenitoa roho tangu Machi. Huli, mwanangu. Huli, halafu unakimbia, halafu kesho unakwenda Mwanza, ambako hakuna mtu hata mmoja atakayejua kwamba wewe zamani hukuwa mtu wa kusinzia mchana.

Najua jibu lako, nimelisikia mpaka nimelikariri. "Baba, mbona nakula?" Ndiyo, unakula. Yai moja la kuchemsha. Tango. Nusu ya parachichi siku ukiamka vizuri, na yale maji ya moto yenye ndimu ambayo unayanywa umekunja uso, kisha unatuambia matamu. Hiyo programu ya kwenye simu imekupangia kalori ambazo mtoto wa chekechea angezimaliza saa nne asubuhi, na programu hiyohiyo ndiyo inayokupigia kengele saa kumi na moja na nusu uende mbio. Unateremka mpaka barabara ya lami, unapanda tena mlima wote huu wa Kirua, ukifika unaruka kamba uani mpaka kuku wanahama. Ukimaliza yote hayo, tango. Kijana yeyote wa bodaboda pale njia panda anajua kwamba ukiongeza safari unaongeza mafuta. Nimekuambia hivyo mara ngapi? Ukanijibu, "Baba, ni sayansi." Nikanyamaza, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba na wewe unakwenda kusomea maabara.

Basi tuizungumze sayansi. Zamani ulikuwa unaleta ndoo mbili kutoka bombani bila kupumzika, tena unaimba. Sasa ndoo moja unaishusha mara tatu, na mara ya tatu unaikalia. Mwezi uliopita, siku tuliyokwenda wote mjini Moshi kununua shuka, watu wanajipepea kwa magazeti, wewe umevaa sweta na unatetemeka. Nywele ziko nyingi kwenye kitana kuliko kichwani. Ulimlilia mama yako nusu saa kwa sababu alikaa kwenye kiti ulichoweka taulo. Wiki iliyopita, tukipanda kutoka kanisani, ulikaa chini kwenye kona ya kwa fundi baiskeli, ukasema unafunga kamba ya kiatu. Ulikuwa umevaa ndala. Nesi wa zahanati akakupima, akasema damu imepungua. Unakwenda kupima damu za watu na yako imebaki kama maji ya kuoshea mchele. Mama yako ameniambia na jambo jingine la kike ambalo baba haandiki. Aliniambia huku analia, na mimi sikujua pa kuweka mikono yangu.

Kila nikikuuliza, "Niko poa baba, ni stresi tu." Stresi ya nini, Mkunde? Ya tango?

Haya, nimemaliza kusema upumbavu wako. Sasa nikueleze wangu, maana ni mwingi zaidi, na mwingine mama yako mwenyewe haujui.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sikuwa mpishi bado, nilikuwa mgumu tu, mmoja wa wale wanaobeba mizigo ya wageni kupanda nayo mlimani, na mzigo wangu ulikuwa wa jikoni: masufuria, vijiko na mtungi wa gesi. Ilikuwa Kwaresima. Mwaka ule niliamua kufunga mfungo ambao hakuna aliyeniomba, mlo mmoja kwa siku, jioni, siku zote arobaini, iwe nyumbani au kazini. Usidhani nilikuwa mtakatifu. Rafiki yangu Aloyce, tuliyekuwa tunabeba pamoja, alikuwa amesema mbele ya wasichana wa kwaya kwamba mimi nikiwekwa mbali na ndizi kwa saa tatu nitalia. Mmoja wa wasichana wale akacheka sana. Utakatifu wangu wote ulianzia hapo.

Wiki ya kwanza niliona raha, sitakuficha. Nilijisikia mwepesi. Suruali ikalegea, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari wa moto, na lile tundu nililitazama kila asubuhi. Wenzangu wakikaa kula nawaangalia kwa huruma, kama mtu aliyefaulu anavyowaangalia waliofeli. Kwa hiyo usifikiri sijui unachokipata, Mkunde. Wanaosema kujinyima chakula ni mateso matupu hawajawahi kujinyima. Una utamu wake mwanzoni, ule wa kujiona unauendesha mwili wako wakati wengine wanaendeshwa na miili yao. Nilikuwa naufurahia utamu huo kuliko nyama.

Kisha tukapata safari ya mlimani. Siku ya kwanza tulipita msituni, kwenye kivuli, nikaenda vizuri. Siku ya pili, tulipofika kambi ya Horombo, nilimtukana Aloyce kwa sababu alikuwa amehamisha kijiko changu. Kijiko! Nilimtukana mpaka nikafika kwa mama yake, mwanamke aliyenilisha utoto wangu wote. Njaa ile haikuanzia tumboni wala miguuni, ilianzia mdomoni. Tena sikujua kuwa ni njaa. Mimi niliona tu kwamba watu wote wamekuwa wajinga kwa siku moja.

Siku ya tatu tulikuwa tunavuka ile nyika tupu kuelekea Kibo, hakuna mti, hakuna majani, ni mawe na upepo. Miguu ikakataa. Haikuuma, ilikataa tu. Naiambia twende, inanisikiliza kama ng'ombe anavyosikiliza mahubiri. Nikaweka mzigo chini nikae kwenye jiwe dakika moja, na pale kwenye jiwe, katikati ya upepo ule, nikasikia joto zuri linanipanda, nikafumba macho. Wewe umekulia chini ya mlima huu, sina haja ya kukueleza maana ya mtu kukaa peke yake kule juu akaona joto zuri; ndilo joto la anayekufa kwa baridi. Aloyce alikuwa ameshafika kambini. Alipohesabu masufuria akaona hayatoshi, akarudi nyuma. Alinikuta nimelala na mate yameganda shavuni. Akaniweka mgongoni, yeye niliyemtukania mama siku iliyotangulia, akanipeleka, kisha akarudi tena kuufuata mtungi wa gesi.

Mpishi wetu alikuwa mtu wa Tarakea, mkali, hakuna aliyempenda. Alinikorogea uji wa sukari nyingi, akanilisha kwa mkono wake, na kila kijiko alikisindikiza na tusi. Mwishowe akasema, "Mungu alikuambia ubebe msalaba. Gesi hakukutajia. Chagua kimoja." Niliporudi nikaenda kitubio nikitegemea padre atanisifu kidogo kwanza. Hakunisifu. Alisema, "Kanisa halijamfungisha mtu anayebeba mizigo mlimani. Ulichokuwa unakifanya kinaitwa kiburi. Malipizi yako ni kula asubuhi, mpaka Pasaka, na usiseme uongo kwamba umesahau." Nikala. Nilikula nikiwa na hasira na padre, lakini nilikula, na ilinichukua zaidi ya mwezi kabla miguu haijanirudia kuwa yangu. Ni kitu kinachoondoka haraka na kurudi kwa kujivuta, na wala hakirudi kwa bakuli moja la uji.

Ndiyo sababu nikawa mpishi. Wanaofikiri kazi ya mpishi wa mlimani ni kupika hawajaifanya. Kupika ni nusu. Nusu nyingine ni kutazama sahani zinazorudi. Kule juu hamu ya kula inapotea, na mtu asiyekula leo, kesho hapandi. Nimekuwa nikitazama sahani za watu tangu kabla hujazaliwa. Naweza kukuambia nani amemwaga supu yake nyuma ya hema na nani amekula ili kunifurahisha tu. Nimewakemea watu wakubwa, wenye ndevu, waliotoka nchi ambazo siwezi kuzitamka, wakamaliza uji wao kama watoto. Halafu narudi nyumbani kwangu, binti yangu mwenyewe anarudisha sahani ikiwa safi kwa sababu hakuna kilichowekwa. Ndiyo maana nafoka.

Miaka kadhaa nyuma tulimpandisha dada mmoja mgeni, mwalimu wa shule huko kwao. Alikuwa amejiandaa mwaka mzima, anakimbia, ana miguu ya chuma, lakini alikuwa kwenye dayati kama yako na hakutaka kuiacha hata mlimani. Mkate anaukata kipande, nusu anairudisha. Siku ya pili jioni zipu ya hema lake ilikwama, akalia kwa kwikwi. Nikajisemea, hicho kilio nakijua, hicho ni kijiko cha Aloyce. Sikumwambia kitu. Nikawa nayeyusha siagi kwenye supu yake na kwenye uji, bila yeye kujua, kila mlo mpaka tulipomaliza. Akafika kileleni. Siku ya kushuka alinikumbatia, akasema hewa ya huku imempa nguvu. Niliitikia ndiyo, ni hewa. Wenzangu walicheka wiki nzima, na mimi nilitembea kifua mbele.

Mbinu hiyo ndiyo niliyokuletea nyumbani. Mwezi wa nne, mvua zinanyesha, hakuna wageni, nimekaa tu. Ulikuja ukaniomba kwa adabu, ukitumia sauti yako ya utoto: "Baba, nichemshie wewe mboga, wewe unajua. Bila mafuta lakini, baba." Uliniomba kwa sababu mimi ni mpishi na kwa sababu uliniamini. Nikasema sawa, mama. Nikakuwekea siagi siku ile ile. Niliiyeyusha, nikaikoroga na vitunguu mpaka isionekane. Wiki mbili nzima. Nikaona unaanza kucheka na redio, siku moja ukambebea mama yako mzigo wa majani ya ng'ombe bila kutumwa, nikajipongeza kimoyomoyo.

Kisha ikaja ile asubuhi ya baridi kali. Mboga zilizobaki jana yake ulizitoa kabatini, na siagi ilikuwa imeganda juu, nyeupe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulilitazama lile bakuli muda mrefu. Ulilimwaga kwa nguruwe, ukaliosha, ukalifuta, na Jumamosi ukaenda Himo ukarudi na kisufuria chako mwenyewe kidogo, na tangu siku hiyo hujatia mdomoni kitu nilichokipika mimi. Mimi nikakikasirikia kile kisufuria. Nikakitania mbele ya watu, nikakiita chungu cha mganga. Ilikuwa rahisi kukikasirikia kisufuria kuliko kukiri kwamba nimemdanganya mtoto. Yule mgeni nilimdanganya siku sita akaenda zake. Wewe ni damu yangu, uliniletea njaa yako na uoga wako mikononi, na nilichofanya ni kukufundisha kuogopa hata maji niliyoyachemsha mimi. Ugonjwa wako ni wa kitu gani sijui, ila hapo nilikuongezea.

Sasa leo. Nimeamka saa kumi na mbili, nimechinja jogoo kwa ajili ya supu, nimemenya ndizi mshare mkungu mzima, nimezipika na nyama ya ng'ombe kuwa machalari ambayo hata wewe na dayati yako ulikuwa huwezi kuyapita zamani. Bibi yako tumemshika mkono kutoka nyumbani kwake, amekaa kitini. Nikakupakulia mwenyewe. Nikakuapia mbele ya bibi kwamba hakuna siagi. Ukachukua vipande viwili vya ndizi, ukavizungusha kwenye sahani kama mtu anayetafuta hirizi. Nikavumilia. Ukavizungusha tena. Nikapiga meza. Nikasema, "Mpaka lini? Unataka tukutume Mwanza kwa bahasha?" Na mengine nikasema, unayajua.

Hukulia. Hukunijibu kwa hasira hata. Ulisema polepole, unaangalia sahani, "Baba, si wewe uliyesema nina akiba ya kutosha?"

Nikauliza, nimesema lini? Mama yako akaangalia chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu wote mezani wanakumbuka isipokuwa mimi. Bibi yako ndiye aliyesema, akichanganya na lugha ya nyumbani. "Yeleuwi! Krismasi, mbe. Wakati wa mbuzi." Ukainuka, ukaenda kukimbia na jua lile la saa nane, na uliporudi ukalala hapo kwenye kochi ulipo.

Imenichukua mchana wote kukumbuka. Na nimekumbuka, Mkunde, yote.

Watu wote walikuwa wamerudi nyumbani, baba zako wadogo kutoka Dar, shangazi zako kutoka Arusha, watoto wamejaa kihamba chote, uani na shambani, mpaka kwenye migomba ya jirani. Mbuzi wawili. Mimi ndiye mkataji, kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye mwenye kisu. Bibi yako alikuwa amesema mapema, nami nilimsikia, kwamba Mkunde amemaliza kidato cha nne, si mtoto tena, mwaka huu asile na watoto kwenye sinia, akatiwe fungu lake kama wanawake wengine wa nyumba hii. Ulikuwa umevaa gauni la kijani alilokushonea mama yako. Nikakuita jina. Ukaja mbele na sahani umeishika kwa mikono miwili. Nikakata, nikainua, nikakutazama juu mpaka chini, nikaona watu wananiangalia, nikataka kuchekesha. Nikairudisha nusu ya ile nyama kwenye jani la mgomba, nikasema, "Huyu ana akiba ya kutosha mwilini, tusimzidishie." Baba zako wadogo walicheka mpaka mmoja akashika mti. Na wewe ulicheka. Nimelikumbuka hilo zaidi ya yote, ulicheka, umeziba mdomo kwa mkono mmoja na sahani ikaanza kuinama kwenye ule mwingine. Bibi yako hakucheka.

Kwetu sisi nyama haigawiwi kwa kuangalia nani ana njaa. Bibi yako hana meno, lakini fungu lake linakatwa. Aliye safarini anawekewa lake. Ukipewa fungu umeambiwa mbele ya watu kwamba wewe ni wa hapa, na hakuna anayeuliza una kilo ngapi. Mimi nimekua na desturi hiyo, nimeishika nikiwa na kisu mkononi, halafu siku yako ya kwanza, mbele ya ukoo wote, nikakuambia kwamba wewe umezidi. Sikusema neno hilo lakini ndilo ulilolisikia, na ulilisikia sawasawa.

Na si hilo tu. Mwezi wa pili, suruali zilipoanza kukulegea, nani alikushangilia? Ni mimi. Nilikupiga picha pale kwenye mibuni, nikawaonyesha wenzangu getini Marangu. Nikakuambia, "Sasa unaonekana msichana." Sasa! Kabla ya hapo ulikuwa nani? Ulikuwa msichana aliyebeba ndoo mbili huku anaimba. Nimekuwa nikikufokea miezi yote hii kwa kosa la kunitii.

Nisamehe, mwanangu. Sijui kuliandika vizuri zaidi ya hapo. Sikukusudia, lakini kisu hakiulizwi kama kilikusudia. Na Krismasi ukija nitalisema hili kwa mdomo, mbele ya walewale waliocheka, kabla sijakata chochote. Wakicheka tena watakwenda kula kwingine.

Sikukatazi kupungua. Mwili ni wako na mimi nimeshauharibu vya kutosha kwa kuusemea. Mama yako, daktari alimwambia apunguze kwa ajili ya presha, akapunguza, tena uliona mwenyewe: alichukua mwaka mzima, anakula asubuhi, mchana na jioni, na hakuacha kubeba majani wala kugombana na mimi. Kwa hiyo najua kwamba inawezekana mtu akapungua na akabaki yeye. Wewe hukubaki wewe, ndicho kinachonitisha. Hiyo damu kaipime tena ukifika, na umweleze daktari habari zote, na zile za kike, na za simu, na za mbio. Mweleze yeye hata kama hutaki kutueleza sisi. Na siku ukijikuta umemchukia mwenzako wa chumbani kwa sababu amehamisha kijiko, au umelia kwa sababu ya zipu, au umeona kwamba chuo kizima kimejaa wajinga, kaa kwanza ule kitu. Chakula hasa, si tango. Baada ya hapo ukiona bado unataka kumchukia, mchukie, huenda anastahili.

Nimesikia raba zako kwenye sakafu. Umeamka. Umepita nyuma yangu, umeona naandika, hukuuliza, umetoka kuelekea jikoni. Sasa nasikia mfuniko. Sijui ni wa sufuria ya machalari au wa kile kisufuria chako. Miaka yote hii jikoni, na leo sikio langu haliwezi kutofautisha mifuniko miwili. Nimeinuka, nikakaa. Nimeinuka tena. Mama yako amechungulia kutoka chumbani, amefungua mdomo aniulize, nimemwonyesha kwa mkono arudi.

Kumekuwa kimya sasa. Huenda unakula umesimama, chakula cha baridi, hukupasha hata, na kama ndivyo nina mengi ya kusema kuhusu kula machalari ya baridi. Huenda unachemsha maji ya ndimu. Sitakuja kutazama. Sitakuja na baadaye kukagua sahani. Lile fungu halikuwa langu kulipunguza siku ile, na wala leo si langu kukushindilia. Ni lako, Mkunde, lote, kama lilivyokatwa kabla sijafungua mdomo.

Baba yako.